Ukipiga Simu ya Dharura, Gari Litakupata Wapi?

Somo la safari hii ni juu ya simu ya dharura. Anayesoma asome kwa sauti, polepole, na mkutano usimame kila palipo na swali. Kama hamtalimaliza siku moja, si neno, mlimalize mkutano ujao.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita nililala katika kijiji kimoja baada ya semina. Kama saa saba usiku nikaamshwa. Binti wa boma la pili alikuwa na uchungu tangu asubuhi na mtoto hatoki. Simu yangu ndiyo iliyokuwa na chaji, na kwa vile mimi ni mfanyakazi wa jamii, kila mtu aliona kwamba najua la kufanya. Nikapiga. Aliyeinua alikuwa mpole.

"Madam, mko wapi?"

"Kanisa la Mtakatifu Yosefu," nikasema. "Tafadhali njooni upesi, mgonjwa amezidiwa."

"Mtakatifu Yosefu. Sawa. Gari linatoka."

Nikakata simu, nikaanza kuwapigia ndugu za yule binti, mmoja baada ya mwingine. Kumbe parokia ile ina vigango viwili vya Mtakatifu Yosefu, kimoja ng'ambo hii ya mto na kingine ng'ambo ile. Gari lilienda ng'ambo ile. Dereva alikuta kanisa limefungwa, giza tupu, hakuna hata mbwa. Akanipigia, lakini simu yangu ilikuwa imekwisha chaji kwa ajili ya hao ndugu. Alipotupata ilikaribia saa kumi. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Siwezi kusema kwamba mtoto angeishi kama gari lingefika saa nane. Hakuna ajuaye. Ninachojua ni kwamba kwa muda mrefu nililaumu kaunti mbele za watu, na ilinichukua mwaka mzima kukubali kwamba gari lilitoka vizuri na dereva alifanya kazi yake. Mimi ndiye niliyemtuma pasipo.

SWALI LA KWANZA: Katika eneo lenu, ni shule gani, makanisa gani au masoko gani yanayofanana majina? Yatajeni yote kabla ya kuendelea.

Namba ni zipi, na nani anainua?

Watu wengi hudhani kuna namba moja tu na kwamba ukiipiga serikali nzima inasikia. Sivyo. Hapa Kenya, 999, 112 na 911 ni namba za polisi. Ile 999 tuliirithi kwa Waingereza, ambao waliianzisha London mwaka 1937. Kwetu ilikaa kimya miaka mingi hadi ikafufuliwa mwaka 2013. Namba 1199 ni ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, na hiyo huhusika na ambulensi na maafa. Kwa mtoto anayeteswa au aliyetupwa kuna 116. Kwa dhuluma za kijinsia, pamoja na mama anayepigwa nyumbani, kuna 1195. Hizi zote hazikati kredo.

Juu ya 112 kuna jambo moja la kufaa sana huku kwetu ambako mtandao huja na kupotea. Simu za mkononi zimetengenezwa kuitambua namba hiyo kuwa ya dharura. Mnara wa kampuni yako usipopatikana, lakini wa kampuni nyingine ukawa karibu, simu hujaribu kupitia huo mwingine. Kwa hivyo usikate tamaa kwa kuona alama ya mtandao haipo. Jaribu.

Sasa, ambulensi yenyewe ni ya nani? Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliwapa magavana na serikali za kaunti huduma za afya, na ikazitaja ambulensi kwa jina. Kuzima moto na kushughulikia maafa pia ni kazi ya kaunti. Ndiyo maana mpango haulingani kila mahali. Kaunti moja ina chumba chenye watu usiku na mchana wanaopokea simu na kuyatuma magari. Nyingine ina mkataba na shirika. Nyingine ina namba ya afisa mmoja tu katika hospitali ya kaunti ndogo, na akilala, imelala.

Jarida haliwezi kuwaambia namba ya kwenu, kwa sababu hubadilika. Hii ni kazi ya kikundi. Mtumeni katibu kwenye kituo cha afya, aulize kwa mhudumu wa zamu: "Nyinyi mkiwa na mgonjwa wa kupelekwa hospitali kubwa, mnampigia nani?" Namba hiyo ndiyo inayofanya kazi. Iliyoandikwa ukutani huenda ilikufa zamani.

Ndani ya chumba cha simu

Tuingie kwa mawazo katika kile chumba. Kuna kazi mbili, hata kama mtu ni mmoja. Ya kwanza ni kupokea simu na kuuliza maswali. Ya pili ni kuangalia magari: lipi liko wapi, lina mafuta, lina mgonjwa tayari, na lipi liko karibu zaidi na anayelia. Penye watu wa kutosha, mmoja anapoendelea kukuuliza, mwenzake tayari anazungumza na dereva. Kwa hivyo usikasirike na kusema, "Acha maswali, leta gari!" Maswali ndiyo yanayolielekeza gari. Na usiwe wa kwanza kukata simu. Mwache yeye akate.

Atauliza uko wapi, namba yako ya simu, kumetokea nini, mgonjwa anapumua namna gani, anaitika akiitwa, anatoka damu. Lile la mahali huja kwanza kwa sababu simu ikikatika baada ya jibu moja, heri jibu hilo liwe la mahali. Mtu anayejua uko wapi lakini hajui una shida gani bado anaweza kutuma gari. Anayejua shida yako na hajui uko wapi hawezi kitu.

Wengine huniuliza, si siku hizi simu inaonyesha mtu alipo? Huko Ulaya na Marekani, ndiyo, simu nyingi za kisasa hupeleka alama ya mahali zenyewe mtu anapopiga namba ya dharura. Sisi tusitegemee hilo. Mnara wa simu huku mashambani huhudumia kilomita nyingi, na kujua mnara uliotumia si kujua boma lako. Kama una simu janja na mtandao upo, muulize mpokeaji kama unaweza kumtumia dereva alama ya ramani kwa WhatsApp. Itasaidia. Lakini maneno ya kinywa yawe tayari kwanza.

Na tusidhani kwamba shida hii ni ya Kiafrika. Namba ya Wamarekani, 911, ilipigwa mara ya kwanza tarehe 16 Februari 1968 huko Haleyville, mji mdogo wa Alabama, si New York wala Chicago. Baada ya hapo kaunti zao za mashambani ziligundua jambo lile lile nililoligundua mimi usiku ule: namba ipo, na gari halijui nyumba. Watu walikuwa wakipokea barua kwa namba ya sanduku kando ya barabara ya posta, na hiyo haikumsaidia dereva wa usiku. Ikabidi kaunti zizipe jina barabara za vumbi, zikaweka namba kwenye kila nyumba. Hata leo ambulensi nyingi za vijijini kule huendeshwa na watu wa kujitolea, mkulima au mwalimu anayeacha kazi yake kengele ikilia. Kikundi cha kujisaidia, kwa maneno mengine.

Mwendo wa kwanza ni wetu

Hapa naomba tutulie, maana hapa ndipo vikundi vingi hukosea. Ambulensi nyingi za kaunti hukaa hospitalini, na kazi yao kubwa ni kumtoa mgonjwa kituo kidogo cha afya kumpeleka hospitali kubwa. Kuja hadi mlangoni kwako ni jambo jingine. Chukua Kaunti ya Kitui: eneo lake ni zaidi ya kilomita za mraba 30,000, ni kubwa kuliko nchi nzima ya Rwanda, na sensa ya 2019 ilihesabu watu kama milioni 1.1. Hata magari yaongezwe mara mbili, bado kutakuwa na boma lililo mbali na kila gari.

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza kwa nini akina mama hufa kwa uzazi, wakataja ucheleweshaji wa namna tatu. Wa kwanza ni wa kuamua: tunangoja mume arudi, tunangoja mama mkwe aseme. Wa pili ni wa njiani. Wa tatu ni wa hospitalini, umefika na hupati huduma. Nimefundisha jambo hili miaka mingi na bado sijaona mpangilio ulio bora zaidi kwa mkutano wa kijiji. Mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili hivi. Toeni hapo saa moja ya kubishana nyumbani, muone kinachobaki.

SWALI LA PILI: Katika dharura ya mwisho mliyoiona hapa kijijini, muda mwingi ulipotea wapi kati ya sehemu hizo tatu? Msilaumiane. Hesabuni dakika tu.

Kwa hivyo mpango wa kikundi uwe na sehemu mbili zinazokwenda pamoja. Mmoja anapiga simu. Wakati huo huo wengine wanaanza kumsogeza mgonjwa, ama kwenye dispensari iliyo karibu, ama mahali pa kukutana na gari. Mahali hapo pachaguliwe mapema, na pawe pale ambapo dereva mgeni hawezi kupakosa hata usiku: lango la shule, soko la barabarani, daraja. Na mtu asimame barabarani na tochi. Tochi moja ni bora kuliko maelezo ya nusu saa.

Wenzetu wa Tanzania wamelifanya jambo hili likawa mpango wa taifa. Linaitwa m-mama. Lilianza kwa majaribio mwaka 2013 upande wa Shinyanga na Sengerema, na mwaka 2022 serikali ikalizindua kwa nchi nzima. Mama mjamzito, aliyejifungua, au mtoto mchanga akipata shida, watu hupiga 115 bila malipo. Aliyepokea hupima uzito wa shida kwa maswali, halafu hutafuta gari. Ikiwa ambulensi iko mbali, humpigia dereva wa kawaida wa eneo hilo aliyeandikishwa na kukubali bei mapema. Dereva akimfikisha mama, hospitali inathibitisha, na malipo yake huingia kwenye simu. Dereva haulizi familia pesa usiku wa manane, na familia haianzi kuuza mbuzi.

Sisi hatuna haja ya kungoja mtu atuletee mradi ndipo tufanye sehemu yetu. Chama chenye watu ishirini kinaweza kuketi na mwenye Probox mmoja na vijana wawili wa bodaboda, wakakubaliana bei ya usiku na ya mchana, ikaandikwa kwenye kitabu cha kumbukumbu. Mweka hazina atenge pesa ya safari moja, isiguswe kwa mkopo wala kwa mazishi. Ikitumika, irudishwe kwanza kabla ya mzunguko wa mwezi. Najua vikundi vitasema pesa ni kidogo. Ni kweli. Ila nimehudhuria harambee za mazishi ambazo zilikusanya kwa siku moja pesa za safari kumi za hospitali.

Neno juu ya bodaboda: ni msaada mkubwa, na mama mwenye uchungu anaweza kubebwa akiwa katikati, mtu akimshika kwa nyuma. Lakini aliyeanguka kutoka juu ya mti, au aliyegongwa na gari na kulalamika shingo au mgongo, asipakiwe kwenye pikipiki. Huyo alazwe palepale, asikunjwe, hadi gari lije, isipokuwa mahali penyewe pana hatari kama moto au mafuriko.

Mito yetu ya mchanga

Kwa wanaoishi kwenye mito ya msimu, mpango wa Septemba si mpango wa Novemba. Hatujasahau tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya wetu kwenda harusini liliposombwa na mto Enziu kule Mwingi, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Mwenyezi Mungu awarehemu. Tangu siku ile mimi husema wazi katika kila semina: ukipiga simu ya dharura wakati wa mvua, sema uko ng'ambo gani ya mto na kama mto umejaa. Usimwambie dereva "maji ni kidogo, atapita" ili aje upesi. Kama njia imekatika, chumba cha simu kinaweza kutafuta gari la upande wenu, hata kama ni la kaunti jirani. Wasipoambiwa hawatalitafuta.

Ukifika hospitali

Aliye kwenye chumba cha simu ana kazi nyingine isiyoonekana, ya kuuliza hospitali kama ina daktari, damu na kitanda kabla gari halijafika. Mwaka 2015 huko Nairobi majeruhi mmoja wa barabarani alikaa ndani ya ambulensi saa kama 18 akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi, na hatimaye akafariki. Nchi nzima ilishtuka. Kwa hivyo dereva akikwambia "tunakwenda hospitali ile ya mbali," usianze ugomvi njiani. Huenda ameambiwa ya karibu haina mpasuaji usiku huo. Muulize kwa heshima, atakueleza.

Lakini mjue haki yenu pia. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ikaongeza kwamba matibabu hayo ni pamoja na huduma kabla ya kufika hospitali, kumtuliza mgonjwa, na kupanga apelekwe kwingine kama pale hawawezi. Hospitali inayoweza kutoa huduma hiyo na ikakataa inaweza kutozwa faini hadi shilingi milioni tatu. Deni la bili ni mazungumzo ya kesho asubuhi. Mtu akiwambia "amana kwanza" na mgonjwa anakata roho, mtajieni sheria hiyo kwa adabu, na muandike jina la aliyekuwa zamu na saa.

Mnapongojea gari

Damu ikitoka kwenye jeraha, bonyeza kwa nguvu kwa kitambaa safi na usikifungue kila mara kuchungulia. Aliyezimia lakini anapumua, mlaze ubavu. Mama mjamzito alale kwa ubavu wa kushoto. Aliyeumwa na nyoka asikatwe wembe, asifungwe kamba ya kukaza, asinyonywe sumu. Mvueni pete na bangili, kiungo kisisogezwe, abebwe bila kutembea. Msimpe chakula aliye karibu kupasuliwa. Na yule mpokeaji simu akiwapa maagizo mengine, mfuateni yeye kuliko jarida hili, maana yeye anamsikia mgonjwa.

Watoto nao wafundishwe. Polisi wamelalamika mara nyingi juu ya watu wanaopiga namba hizi kwa mchezo. Mtoto anayecheza na 999 anashika laini ambayo mtu mwingine anaililia. Lakini mtoto huyo huyo wa miaka minane, akifundishwa jina la kijiji na la shule yake, anaweza kumwokoa nyanya yake aliyeanguka jikoni.

Kazi ya kufanya kabla ya mkutano ujao

Kila boma liandike karatasi moja, ibandikwe ndani ya mlango kwa maandishi makubwa ili hata mgeni aisome kwenye simu. Mfano:

"Tuko kaunti ya ........, kaunti ndogo ya ........, lokesheni ya ........, kijiji cha ......... Ukitoka soko la ........ fuata barabara ya kwenda ........ kwa kilomita ........ hadi shule ya ......... Hatuko ng'ambo ya mto / tuko ng'ambo ya mto. Mtu mwenye tochi atakuwa kwenye ......... Namba zetu ni mbili: ........ na ........"

Namba ziwe mbili, za watu wawili tofauti. Anayepiga simu ya dharura asitumie simu hiyo kwa jambo jingine lolote hadi gari lifike. Ndugu wapigiwe na mwingine.

Halafu mjaribu. Mtu mmoja akae nje ya nyumba akijifanya dereva kutoka mbali, asiyejua kijiji. Mwingine asome ile karatasi mara moja tu. "Dereva" aeleze angepita wapi. Akikwama, karatasi iandikwe upya. Tulipofanya zoezi hili na kikundi kimoja cha akina mama, madereva watatu kati ya wanne walipotea kwenye njia panda ile ile, ambapo kuna vibanda viwili vya rangi moja. Siku ya pili wale mama walipaka kimoja chokaa.

SWALI LA TATU: Ni nani atakayeamua usiku, baba akiwa hayupo? Chagueni watu wawili kwa kila boma, mmoja wao awe mwanamke, na waume wakubali mbele ya mkutano.

Majibu na karatasi zenu mnaweza kumpa katekista azilete parokiani, nasi tutazisoma.